Mlima wa Mgeni

Mkuu wa maabara alikuwa analing'arisha kasha tupu kwa kitambaa, taratibu, kama mama anayeogesha mtoto mchanga.

Kasha hilo zito la madini ya risasi lilitengenezwa kutunzia sampuli ya mionzi, chembe ndogo ambayo viini vya atomi zake hutoa miale inayojulikana. Bila sampuli, mashine ya kupimia mionzi ni mizani isiyo na jiwe. Kibali cha kuiagiza kilikuwa kinakuja kesho. Kilikuwa kinakuja kesho tangu mwaka juzi, ndiyo maana Mkuu aliitwa Profesa Kesho, ingawa si mbele yake.

Leo mtaalamu wa Shirika la Kubadilishana Maarifa, lililoleta mashine, alikuwa njiani. Akikuta haina kazi, ataihamishia kwingine.

"Tumwambie ukweli," alisema mtafiti, msichana aliyetoka chuoni juzijuzi. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba maji ya kisima cha kwao ndiyo yatakayopimwa kwanza.

"Ukweli una wakati wake, binti yangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe tabasamu tu."

"Akiuliza sampuli?"

"Imo ndani ya kasha. Kasha likifungwa, nani ataona?"

"Mashine itaona."

Mashine ilikuwa inadonoa, tik, kisha tik, kama kuku asiye na njaa. Kwenye skrini mchoro ulikuwa nyasi fupi tu, pale ambapo sampuli ingesimamisha mlima.

Mtaalamu aliingia akijifuta jasho.

"Mniwie radhi. Nimefika uwanja wa ndege, kupita tu, king'ora kikalia. Wamenipekua mpaka soksi."

"Mtu mzito hajifichi, mheshimiwa," Mkuu alisema, akacheka kabla ya wengine.

"Na kabla ya hapo mke wangu. Hataki nisafiri bila kupimwa moyo. Juzi nikachomwa dawa yao, nikalazwa chini ya kamera nusu ya siku. Daktari anasema nina moyo wa kijana."

"Hata kwa macho unaonekana."

Mtaalamu alitundika kofia yake kwenye kiti. "Haya. Hizi atomi mnazalisha hapahapa au mnaagiza nje?"

Mkuu alikunja kitambaa chake. "Tunachanganya, mheshimiwa."

Mtafiti alihisi uso unamwaka. Kama mashine itaondoka, basi iondoke kwa ukweli. "Mheshimiwa, kuna jambo lazima ulijue."

Lakini mtaalamu alikuwa ameshainamia mashine, kifua kikiigusa, akitafuta kibao chenye jina la shirika lake. Donoadonoa ikageuka bisi ndani ya sufuria. Kwenye skrini, katikati ya nyasi, mlima ukainuka.

"Ulikuwa unasemaje, binti?"

Mtafiti aliutazama mlima. Akamgeukia Mkuu, na Mkuu akamkonyeza.

Kumbe mzee huyu ana sampuli ya magendo. Mtafiti aliuma meno, akajichukia kwa kunyamaza.

Mtaalamu aliiegemea mashine kama rafiki wa utotoni, akahutubia. Maarifa, alisema, hayaonekani wala hayashikiki, lakini mwenye nayo akiingia chumbani, chumba kizima hujua. "Mmeona wenyewe. Sijafundisha hata neno, tayari mambo yanakwenda. Mashine inabaki hapa."

Mkuu alimsindikiza hadi mlangoni akirudi kinyumenyume. Mlango ulipofungwa, alimgeukia mtafiti, macho yakimcheka.

"Mtoto mjanja wewe. Hiyo sampuli umeitoa wapi?"

"Mimi? Si wewe ndiye uliyeiweka?"

Walitazamana. Mkuu akafunua kasha. Ndani mlikuwa safi, mnanukia sabuni.

Mtafiti alibonyeza kitufe ili mashine ianze upya. Tik. Kimya. Tik. Nyasi.

"Imekufa," alinong'ona Mkuu. "Na kofia yake ameisahau."

Viatu vilianza kugonga sakafu ya korido, vikirudi. Kabla mgeni hajapiga hodi, na ile dawa ya moyo ikiwa bado mwilini mwake, mashine ilikuwa imeshamkaribisha kwa bisi.