Kiti cha Mama Sikujua

Mama Sikujua, fundi cherehani wa sokoni, alikuwa ameiandikia manispaa barua tatu kueleza kwamba kiti chake cha magurudumu hakiwezi kuvuka mtaro ulio mbele ya zahanati. Hakujibiwa hata moja. Asubuhi moja meya mpya, Bi Tunu Mahimbo, alifika mwenyewe kibandani kwake akiwa na mhandisi wa mji.

"Shikamoo, mama. Nimesoma barua zako. Naomba uniazime kiti chako."

Mama Sikujua alidhani anataniwa, lakini akahamia kwenye stuli. Meya akaketi kitini, akaanza kuyasukuma magurudumu kwa mikono yake kuelekea zahanati. Watu wa sokoni wakacheka. Alipofika ukingoni mwa mtaro, gurudumu moja lilizama na kiti kikalala upande. Mhandisi akakimbilia kumsaidia.

"Usiniguse," alisema meya huku akitweta. "Mama yule huwa anasaidiwa na nani hapa?"

Kicheko kikakatika. Alijaribu mara nne, mpaka viganja vikachubuka. Kisha akainuka, akamgeukia mhandisi. "Haya, sasa zamu yako. Kaa."

Wiki iliyofuata mafundi waliufunika mtaro kwa zege na kujenga mteremko mpana. Mama Sikujua alifika zege likiwa bado bichi.

"Mpaka kesho, mama," fundi mmoja alimwambia.

"Acha tu nikae nalo hapa mpaka likauke," alijibu, mikono juu ya magurudumu, akiutazama mlango wa zahanati uliokuwa wazi ng'ambo.