Mbwa wa Mzee Melkizedeki

"Usimshike tumboni, daktari, atakung'ata."

Daktari Calist alimshika hivyo hivyo. Mbwa hakung'ata. Hata nguvu ya kuinua kichwa hakuwa nayo, masikini. Manyoya yalikuwa yamemtoka kuanzia shingoni mpaka mkiani, na ngozi ilikuwa imepasuka, inatoa maji.

Pale Singida mjini wenzake walimcheka Calist: mkoa umejaa ng'ombe, yeye anahangaika na mbwa na paka! Waache wacheke. Kwa magonjwa ya ngozi hakuna aliyemfikia, na hilo alilijua vizuri mno.

Alikwangua ngozi kidogo, akaitazama kwenye hadubini. Wadudu wa upele hakuna. Fangasi hakuna.

"Mume wangu ndiye kanituma," alisema Agripina, mama aliyemleta mbwa huyo kutoka Mgori. "Mzee Melkizedeki anampenda mbwa huyu kuliko mtu. Kasema mbwa asipopona, nitamtambua yeye ni nani."

Alinyoosha mkono kumtuliza mbwa. Kitenge kikateleza, ikaonekana alama ya kuungua, pana, bado mbichi. Calist aliiona, akarudisha macho kwa mbwa. Ngozi za watu hazikuwa kazi yake.

"Anakula nini?"

"Pumba na dagaa. Namlisha mwenyewe."

"Haiwezekani. Mama, ngozi hii inakataa chakula. Mzee anakula wapi?"

"Sebuleni, peke yake. Mbwa analala miguuni pake."

"Basi! Wanaume sisi, tukipenda mbwa hatuna akili. Nusu ya unachompikia mzee inaishia kwa huyu."

Agripina alimtazama mbwa kwa muda mrefu.

"Kumbe," alisema taratibu. "Ndiyo maana."

"Mfungie nje wakati wa kula. Atapona, nakuhakikishia."

Mwezi uliofuata walirudi. Mbwa alimrukia Calist kifuani, mkia haukutulia, manyoya mapya yanang'aa mgongo mzima. Agripina alikuwa na jogoo mkubwa kwapani, zawadi ya daktari. Calist alicheka kwa furaha, akamkumbatia mbwa kama mtoto.

"Si nilikuambia! Mzee naye anasemaje?"

"Tulimzika Jumanne," alisema Agripina, akimkabidhi jogoo. "Tangu mbwa afungiwe nje, sahani alikuwa anaimaliza mwenyewe."