Koti la Jangwani

"Umelifua!" Mzee Absalom alinguruma, koti la kijeshi likiwa mikononi mwake. "Umeniulia koti langu, mwanamke wewe!"

Emérance aliweka chini sinia la dawa. Mwaka mzima amemhudumia mzee huyu nyumbani kwake hapa mjini Cedar Hill, na mwaka mzima ametukanwa: kwa chumvi, kwa mto uliokaa vibaya, kwa lafudhi yake ya Kirundi. Leo ni koti.

"Sijaligusa, Mzee. Ulinikataza kufungua kabati."

"Mwongo!"

Kabati lenyewe la kioo lilijaza ukuta mzima wa sebule. Ndani yake zilipangwa sare na kofia za askari wa Kijerumani waliopigana kwenye majangwa ya Afrika Kaskazini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mtu mwingine angezifanya matambara ya kudekia. Mzee alizipenda kuliko wanawe, na kadiri zilivyochakaa ndivyo alivyozidi kuzipenda. Sare mpya, alisema, ni sare iliyolala stoo. Iliyopauka kutoka kijani hadi rangi ya mchanga ndiyo iliyoonja jua na jasho. Aliyasema hayo kwenye simu kila siku, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, akieleza koti alilolitafuta kwa miaka: saizi yake, vifungo vyake, hata mfuko uliopaswa kuwa na kiraka. Emérance alipita na ndoo yake kama mtu asiye na masikio.

Siku tisa zilizopita koti hilo likafika kwa posta kutoka Houston, kiraka na vyote. Mzee alilia kwa furaha, akalitia kabatini bila hata kuligeuza.

Leo alikuwa ameligeuza, maana mtaalamu alikuwa njiani kuja kulitazama. Nje lilikuwa limepauka vizuri. Ndani lilikuwa limepauka zaidi.

"Tangu lini jua likaingia ndani ya koti la mtu?" mzee alifoka. Akaelekeza fimbo dirishani, kwenye kamba ya nguo huko uani. "Hebu jionee!"

Mashati yake yalikuwa yananing'inia juani, yote yamegeuzwa ndani nje, yamebanwa pindoni. Emérance aliyatazama. Ndivyo mama yao alivyowafundisha kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, yeye na mdogo wake Egide, walipokuwa na sare moja moja ya shule: nguo iliyogeuzwa jua haliilii rangi. Mkono ulishazoea. Hata alipokusudia kuacha, ulijigeuzia wenyewe.

"Mtaalamu akithibitisha, napigia polisi," mzee alisema. "Halafu napigia kampuni yako. Cheti chako cha kuhudumia wagonjwa utakiona ndotoni."

Hayo hayakuwa maneno ya kutisha tu. Mhudumu aliyeharibu mali ya mgonjwa hapati nyumba nyingine ya kumpokea, na Emérance alikuwa na binti, Mélissa, anayemtegemea yeye peke yake. Alimchukia mzee yule wakati huo kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mzee hakujua methali hiyo.

Mtaalamu akafika saa sita, akiwa ameendesha gari toka Houston. Aliitwa Apolonia, mwanamke mkavu wa miaka sitini hivi, asiyepoteza maneno kwa salamu. Alilitandaza koti mezani, akaukunjua mshono mmoja, kisha akainamia pindo.

"Limeanikwa limegeuzwa," alisema. "Hizi ni alama za vibanio."

"Unaona!" Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Mwizi wa historia! Niletee simu yangu!"

Emérance alirudi hatua moja nyuma. Akashika kiti.

"Subiri," Apolonia alisema. "Fungeni mapazia."

Akatoa tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, akaupitisha juu ya koti. Mishono yote ikawaka, myeupe kwa buluu, kuanzia kola hadi kiraka.

"Uzi wa pamba wa wakati ule hauwaki. Huu si pamba, umetoka kiwandani juzijuzi." Akazima tochi. "Unalo siku ngapi?"

"Tisa," mzee alijibu.

"Kupauka hivi ni kazi ya miezi. Mama huyu hajaharibu kitu, Bwana Absalom. Hapakuwa na kitu cha kuharibu. Umepigwa changa la macho."

Akafunga mkoba wake, akaondoka bila kunywa hata maji.

Emérance alingoja neno la msamaha. Ni ujinga, alijua, lakini alilingoja. Mzee alilitupa koti sakafuni, akamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyelishona.

"Unashangaa nini? Ondoka mbele yangu! Kaanue mashati yangu."

Akatoka uani. Kupitia dirishani alimsikia mzee ameshanyakua simu, anamtukana kila muuzaji wa Houston, anaapa kwamba makoti basi tena. Kuanzia leo anataka kofia tu, yenye kamba ya ngozi kidevuni na tundu la risasi ubavuni kushoto.

Emérance alianua shati la kwanza, akaligeuza, akalikunja. Kisha naye akatoa simu yake mfukoni, akapiga Sharpstown, mtaa wa huko huko Houston. Nyuma ya sauti iliyopokea zilinguruma mashine za kufulia za hoteli.

"Egide, mdogo wangu," alisema taratibu. "Kugeuza ni kwa nguo unayotaka kuitunza rangi, umesahau? Na uzi uwe wa pamba. Haya, shika kalamu: sasa anataka kofia."