Kanga Iliyogoma Kuoza

Wewe unayepita kona ile kila siku, ulimwona Bi Nakiete akichimba, ukageuza uso.

Bwana shamba alishasema mchicha wake wa kando ya lami unanyauka kwa uvivu wake, na bustani apewe mwingine. Bi Nakiete alichana kanga yake kuukuu vipande viwili, kimoja akakifukia nyuma ya nyumba, kingine bustanini. Baada ya miezi miwili alimwita bwana shamba, akafukua mbele yake.

Cha nyumbani kilitoka nyuzi tupu. Bi Nakiete akamwonyesha:

"Hiki kimeliwa na vijidudu, ndio wanaoupa udongo uhai."

Cha bustanini kilitoka kizima, maandishi yanasomeka, kimejaa chembe nyeusi za matairi ya malori yanayofunga breki pale konani. "Hapa sumu ya matairi imewaua vijidudu, mchicha utastawije?"

"Nani kakufundisha haya, mama?"

"Jembe langu, baba. Haya, mvivu nani?"

Bwana shamba akainamisha kichwa. Bi Nakiete akakitundika kipande kile uzioni kama bendera, akasimama kando yake kifua mbele.

Bado kinapepea. Rudi ukisome, kisha chukua jembe ukachimbe, ufukie kitambaa chako kando ya barabara yako, leo hii.