Dakika Kumi za Baba

"Dada Mubina, hicho kipande cha maji kujaa na kupwa kitoe kwenye programu ya duka lako la barafu, utupe peke yake," mvuvi wa Kiswere alimsihi kwenye simu. "Sisi barafu hatuuzi, tunataka maji tu."

Huyo alikuwa wa tano kuomba. Basi kimekua, aliwaza, kipewe programu yake chenyewe.

Mubina akakinakili, akafuta kila kilichohusu duka. Ukabaki mstari mmoja wa kuamua: kengele ilie dakika kumi kabla ya maji kujaa. Ndizo alizohitaji marehemu baba yake kuuburuta mguu mbovu hadi chumba cha barafu, kabla mashua hazijaingia na maji.

Wa Kiswere zingewafaa nini? Akazifuta.

Kwenye programu ya duka aliziacha. Kengele ilipolia, hakuinuka. Alitega sikio kuusubiri mburuzo wa ule mguu sakafuni, mpaka maji yakajaa.