Bibi Katika Huduma ya Tatu

Kila nyumba inaruhusiwa huduma moja tu ya muziki wa bure. Ukishachagua, zile nyingine zinafuta nyimbo zako. Kwa hiyo Jumamosi mimi na binti yangu Mwanakheri tulikaa jikoni kuzilinganisha kwa wimbo mmoja tulioupakia kwenye zote tatu kutoka kanda ya zamani: marehemu mama yangu akinibembeleza huku anakuna nazi.

Huduma ya kwanza ilikwaruza. Mama alisikika kama aliyejifunika blanketi, lakini mbuzi ya nazi ilisikika, na kikohozi chake pia.

"Hii mbovu, mama," akasema Mwanakheri.

"Mabovu ni masikio yako. Sikiliza."

Ya pili ilikuwa safi, ila nazi haikuwepo. Mama hakuwahi kuimba bila kazi mkononi. Nikaikataa.

Ya tatu, ambayo Mwanakheri aliisajili kwa jina lake kama msikilizaji, ilizishinda zote. Mama alikuwa kama ameketi nasi mezani. Lakini alipofika penye jina langu, pale anaposema, "Lala, Saumu, lala," akaimba, "Lala, Mwanakheri, lala."

Mama alifariki kabla binti huyu hajazaliwa.

Mwanakheri akanishika mkono, machozi yakimlengalenga. "Kumbe bibi alinijua! Tuchukue hii, mama. Nakuomba."

Nikampangusa machozi, nikabonyeza ya tatu.

Sasa nikikuna nazi huwa naimba mwenyewe, kwa sauti, ili wimbo wa mama usipotee: "Lala, Saumu, lala."

Jana Mwanakheri akacheka kutoka chumbani. "Mama! Mbona kila siku unakosea jina?"