Wa Kumlea Bobini

Kabla ya kuishona suruali ya muuza nyama, fundi aliigeuza ndani nje, akalikagua pindo, akainusa. Hakuwa akitafuta uchafu. Alikuwa akimtafutia mbwa wake nyumba.

"Huyu hapana," alimwambia mdogo wake, aliyekaa kwenye benchi la wateja amenuna. "Ona alama za meno kwenye pindo. Mbwa wake mwenyewe anamrarua. Lazima anamfunga mnyororo kutwa nzima."

"Dada, mtu akigawa mbwa hafanyi usaili. Mpe yeyote."

Bobini, mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, alikuwa chini ya cherehani akitafuna ncha ya futi ya kupimia. Jina alilipata siku ya kwanza, alipokimbia na bobini, kile kigurudumu cha uzi cha cherehani, mdomoni akazunguka chumba kizima, uzi ukimfuata, mpaka miguu ya meza ikafungwa kama mzigo. Fundi alicheka siku ile mpaka akakaa chini. Wiki mbili baadaye daktari aligusa uvimbe kwenye ziwa lake, na kicheko kikakatika.

Majibu yalikuwa kwenye droo, chini ya zipu. Saratani. Dripu sita za dawa zilikuwa zinamngoja, kisha upasuaji, na alipouliza ya baada ya hapo hata daktari mwenyewe alitazama dari. Sketi zake alishaanza kuzishikiza kwa pini. Hakuwa na mume wala mtoto, na mdogo wake akilala nyumba moja na mbwa kifua kinambana. Bobini alikuwa na miaka kumi na miwili mbele yake. Fundi hakuwa na hakika hata na mmoja.

Mara mbili alishaamua kumtoa, na mara mbili akaghairi, akimkumbatia kama mwizi aliyekumbatia mali ya watu. Ilimuuma, tusifichane. Lakini mtoto yule tayari alishapoteza mama yake. Safari hii alitakiwa kupata mtu wa kudumu, mtu mwenye afya.

Na katika kuchagua watu, fundi alijiamini. Miaka ishirini na sita ya futi shingoni si mchezo. Alijua nani anakunywa kwa siri na nani amefukuzwa chumbani analala kochini, yote hayo kwa kushika nguo tu. Jirani wa ghorofani aliondolewa kwa sababu ya kaptula za wanawe, mifuko imejaa mawe na mipira ya manati.

Akabaki mmoja: karani wa posta, mgane asiye na makuu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Stempu kwa kuwa hata salamu aliigonga mara moja tu na kuendelea na safari. Kola zake zilikuwa safi. Vifungo vyote vilikuwepo, amevishona mwenyewe, vibaya. Na kubwa zaidi, kiuno. Tangu mwaka uanze alishaleta suruali zake zipunguzwe mara mbili, na sasa alikuwa amezileta tena.

"Umeona?" fundi alimwambia mdogo wake. "Ameacha bia, ameacha sukari, anatembea. Mwanaume wa hamsini na tano anayejitunza hivi atafika tisini. Na joto lote hili, ameagiza mashati ya mikono mirefu. Nadhifu huyo!"

"Akuoe basi," mdogo wake akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakacheka wote wawili.

Bwana Stempu alipokuja kuchukua suruali, Bobini alimwendea moja kwa moja akakalia kiatu chake. Fundi alishaandaa maneno. Ugonjwa hakuutaja, hakutaka mbwa wake apokelewe kwa huruma.

"Kaka, kazi zimenizidi, sina tena nafasi ya kumlea huyu. Nimewaangalia watu wote hapa mtaani, nikaona wewe ndiye."

"Mimi? Kwa nini mimi, fundi?"

"Kwa sababu wewe upo. Leo, kesho, upo."

Bwana Stempu aliweka suruali zake kwenye benchi. Akainama taratibu, akamwinua yule mtoto, akalambwa kidevu chote.

"Nyumba yangu imekuwa kimya mno," akasema hatimaye. "Haya, nampokea. Ila huwa nina visafari, siku mbili tatu. Nikisafiri nimlete hapa kwako?"

"Mlete," fundi akajibu haraka.

Aliwatazama wakivuka barabara, kisha akafunga mlango akalia kama mtoto. Alipomaliza, akanawa uso. Angalau hilo moja lilikuwa limekwisha.

Jumatatu asubuhi na mapema mdogo wake alimsindikiza hospitali, wakakaa foleni ya vipimo mpaka saa nne. Chumba cha dripu kilikuwa kirefu, kina viti vya kuegemea vilivyotenganishwa kwa mapazia. Muuguzi, mama mcheshi mwenye viatu vinavyolia, alimshika mkono.

"Usiogope, mama. Nakuweka jirani na mzoefu wetu, tuko naye tangu mwanzo wa mwaka. Atakufundisha mbinu zote."

Akavuta pazia.

Kwenye kiti cha dirishani, mkono wa shati umekunjwa mpaka begani na mrija umebandikwa, alikaa Bwana Stempu. Alimtazama fundi, kisha akatazama kadi ya hospitali mkononi mwake.

"Fundi," akasema, "Bobini nimemfunga mlangoni pako. Nilidhani umechelewa tu kufungua."